Stempu za Wachina na bahasha nilizozitupa

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani kwa wazazi nikitafuta cheti changu cha kuzaliwa (msiniulize cha nini, urasimu wa nchi hii tunaujua wote). Cheti sikukipata. Nilichokipata ni kopo la biskuti lililoshika kutu, na ndani yake daftari la shule nililolitengeneza mwenyewe nikiwa na umri wa miaka kama tisa hivi. Kurasa zake zimejaa stempu za China. Ziko arobaini na moja, nimezihesabu mara mbili.

Stempu hizo zilikuwa za babu. Au niseme barua ndizo zilizokuwa za babu. Miaka ya 1970 babu alifanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, upande wa Mlimba, na huko akapata rafiki Mchina, fundi wa madaraja. Reli ikakamilika, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, na yule fundi akarudi kwao. Baada ya miaka kadhaa zikaanza kuja barua na kadi. Babu alizifunga kwa kamba ya katani akaziweka kwenye kopo. Likizo moja mimi, mjukuu mpenzi, nikazigundua. Shuleni mwalimu alishatufundisha namna ya kubandua stempu: unachovya bahasha kwenye maji ya uvuguvugu, gundi inaachia, unaianika stempu juu ya gazeti. Nikachukua beseni. Nikachovya zote, na nyingine barua zilikuwa bado zimo ndani. Wino ukayeyuka, maji yakawa ya buluu. Makaratasi yaliyobaki niliyaanika, yalipokauka bibi akawashia moto jikoni, maana yalikuwa hayasomeki tena.

Babu aliporudi kutoka shamba nilimwonyesha daftari kwa fahari. Aliligeuzageuza kurasa, akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, picha umenibakizia. Maneno umeyamwaga na maji." Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Kitu kimoja tu kilipona: kadi yenye picha ya daraja la Nanjing juu ya mto Yangtze, lile la ghorofa mbili lililokamilika mwaka 1968, treni chini na magari juu. Ilipona kwa sababu ilikuja ndani ya bahasha, kwa hiyo haikuwa na stempu, na kitu kisicho na stempu mimi sikukiona kuwa na thamani. Nyuma yake kuna Kiswahili cha herufi kubwa kilichoandikwa kwa shida. Anamsalimu babu, anauliza kama mvua za Mlimba bado ni kali vile, na anataka kujua kama lile daraja lao linasimama vizuri. Hakuna jina wala anwani. Bila shaka anwani ilikuwa kwenye bahasha.

Basi tangu wiki iliyopita nimekuwa nikisoma habari za stempu na kadi za China kama mtu anayetafuta dawa. Niliyoyaona yamenifanya nikae chini niandike, maana naamini sipo peke yangu niliyeharibu kitu kwa kukipenda.

Tuanze mwanzo. Stempu ya kwanza ya China ilitolewa mwaka 1878, na wakusanyaji wanaiita Joka Kubwa. Zilikuwa tatu, za kijani, nyekundu na njano, zote zikiwa na joka la kifalme linalojikunja mawinguni. Ukiiona utasema hii ni China halisi, China ya wafalme wake. Sivyo kabisa. Zilichapwa Shanghai katika idara ya takwimu ya Forodha, na Forodha ya China wakati huo ilikuwa chini ya mzungu aliyeitwa Robert Hart, mtu wa Ireland, na wakuu wengi chini yake walikuwa Wazungu pia. Posta ilianza kama kazi ya pembeni ya watoza ushuru. Mwaka 1894 zikatoka stempu tisa kwa ajili ya kutimiza miaka 60 kwa Cixi, yule mama wa ikulu aliyeitawala China kutoka nyuma ya pazia. Hizo ndizo stempu za kwanza za ukumbusho za nchi hiyo. Mwaka huohuo nchi iliingia vitani na Japani ikapigwa vibaya. Posta kamili ya dola iliamriwa ianzishwe mwaka 1896 tu.

Hapa kuna jambo lililonichoma. China ilijiunga na Umoja wa Posta Duniani mwaka 1914. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, mtu akitaka kutuma barua Ulaya kutoka ndani ya China, mara nyingi ilibidi bahasha moja iwe na stempu za nchi mbili: ya Kichina ya kuifikisha bandarini, na ya Hong Kong, Ufaransa au Japani ya kuivusha bahari. Mataifa ya nje yalikuwa na ofisi zao za posta ndani ya China kana kwamba wapo kwao, zikifanya kazi hadi mwishoni mwa 1922. Sasa chukua bahasha kama hiyo uichovye kwenye beseni. Utapata stempu mbili, moja ya huku na moja ya kule, pengine zote za kawaida zisizo na bei. Ukiiacha kama ilivyo, umeshika mkononi ushahidi wa nchi ambayo haikuwa na ruhusa ya kupeleka barua zake yenyewe. Wakusanyaji wakubwa wanalijua hilo, ndiyo maana bahasha nzima yenye mihuri yake hununuliwa kwa bei ya mbali kabisa na ile ya stempu zilizomo. Mimi nimelijua nimechelewa kama miaka ishirini.

Kuna stempu nyingine ya enzi hiyo ambayo Mtanzania hawezi kuipita bila kusimama. Novemba 1897 Wajerumani waliiteka ghuba ya Kiautschou, na mwaka uliofuata wakailazimisha China iwakodishe kwa miaka 99. Huko wakajenga mji wa Tsingtau, yaani Qingdao ya leo. Kama ilivyokuwa kwa makoloni yao yote, wakatoa stempu zenye picha ya meli Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaiser Wilhelm II. Na meli hiyohiyo, mchoro uleule, ndiyo iliyokuwa kwenye stempu za Deutsch-Ostafrika, yaani za huku kwetu. Tofauti ilikuwa jina la koloni na fedha: huku pesa, heller na rupia, kule pfennig na baadaye senti na dola. Kwa hiyo mwaka 1905, wakati moto wa Maji Maji unawaka na Mahenge inashambuliwa, karani wa posta Dar es Salaam na karani wa posta Tsingtau walikuwa wakigonga mihuri juu ya meli moja.

Na si meli tu. Miaka mitano kabla ya Maji Maji, mwaka 1900, kaskazini mwa China walisimama watu wa Yihetuan, ambao Wazungu waliwaita Mabondia. Nao waliamini kwamba kwa mazoezi na dua zao risasi haziwezi kuwadhuru. Nao walipelekewa majeshi. Afisa mmoja kijana wa Kijerumani aliyekwenda China katika msafara huo aliitwa Paul von Lettow-Vorbeck. Ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuongoza vita vya 1914 hadi 1918 huku kwetu. Shuleni tulimsoma kana kwamba alizaliwa Tanga siku ya vita.

Ni askari hao, pamoja na mabaharia na wamisionari, waliosambaza kadi za picha za China duniani. Kadi za "Gruss aus Tsingtau", maana yake salamu kutoka Tsingtau, zilichapwa kwa wingi, kama zilivyochapwa za Dar es Salaam. Posta ya China yenyewe ilitoa kadi yake ya kwanza mwaka 1897, kadi kavu isiyo na picha. Picha walipiga wageni. Na wageni walipenda nini? Wanawake wenye miguu iliyofungwa, watu waliolala wakivuta afyuni, wafungwa waliovalishwa ubao shingoni, na nyingine sitazieleza hapa, za watu wakinyongwa na kukatwa vichwa hadharani. Watu walinunua kadi hizo, wakaandika "hali ya hewa ni nzuri", wakawatumia mama zao.

Nimeziona baadhi ya kadi hizo zikiuzwa kwenye mtandao, na sikujua nifikirie nini. Mwenye kuuza anasifia kona zake kali na rangi isiyofifia. Ujanja wa kujua umri wake ni huu: kadi za mwanzo, upande wa nyuma uliruhusiwa anwani peke yake, kwa hiyo mwandishi alibana maneno yake pembezoni mwa picha. Ujerumani iliruhusu nyuma igawanywe nusu anwani nusu maneno mwaka 1905. Ukiona kadi ya Kijerumani yenye maandishi yaliyozunguka kichwa cha mtu wa watu kama wadudu, hiyo kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. Nusu ya kadi hizi wanaopigwa picha hawana majina. Mtumaji ana jina, mpokeaji ana jina, mchapaji ana jina.

Haya, turuke miaka mingi ya vita na jamhuri, tufike tarehe 1 Oktoba 1949. Jamhuri ya Watu wa China ikatangazwa, na wiki moja tu baadaye, tarehe 8 Oktoba, zikatoka stempu zake za kwanza za ukumbusho, nne, kuadhimisha mkutano wa baraza la mashauriano la kisiasa. Wiki moja! Serikali nyingine huchukua mwaka mzima kubadilisha kibao cha ofisi.

Tangu hapo stempu za China zikawa na utaratibu ambao umenisaidia sana na daftari langu, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Stempu za ukumbusho zilipewa alama ya Ji na zile maalumu alama ya Te, na kila seti ikapewa namba. Chini ya stempu yenyewe, kwa herufi ndogo sana, imeandikwa ni seti ya ngapi, ina stempu ngapi, hii ni ya ngapi, na mwaka. Kuanzia 1974 hadi 1991 zikatumika herufi za kilatini, J kwa ukumbusho na T kwa maalumu. Kwa hiyo ukiona J.113.(4-1) na kulia 1985, unajua ni seti ya ukumbusho namba 113, yenye stempu nne, na hii ni ya kwanza. Mtu asiyejua hata neno moja la Kichina anaweza kuipanga albamu yake. Kuanzia 1992 wanahesabu kwa mwaka.

Wakusanyaji wengi watakwambia kwamba miaka mizuri kuliko yote ni ile ya kati ya 1960 na 1964. Samaki wa dhahabu kumi na wawili, maua ya krisanthemamu kumi na nane, vipepeo ishirini, milima ya Huangshan kumi na sita. Ukizitazama utadhani nchi ile ilikuwa bustani. Kumbuka kwamba samaki wale wa dhahabu walitoka mwaka 1960, katikati ya njaa kubwa iliyoua mamilioni ya watu. Sisemi stempu zilitoa uongo. Msanii alichora samaki na akachora vizuri. Nasema tu kwamba albamu ina tabia ya kukuonyesha kilichoruhusiwa kubandikwa.

Halafu ukaja mwaka 1966 na Mapinduzi ya Utamaduni. Kukusanya stempu kukawa ni tabia ya kibepari. Jarida la wakusanyaji, lililoanza mwaka 1955, likafungwa, likaja kurudi mwaka 1980. Walinzi Wekundu, vijana wa shule wa rika la wadogo zetu, waliingia majumbani mwa watu wakitafuta vitu vya kikale, na albamu ya stempu, hasa yenye stempu za wafalme au za nchi za nje, ilitosha kumtia mtu matatani. Watu wakachoma albamu zao wenyewe usiku kabla hawajafikiwa. Nilipofika hapo nilisita kusoma. Kwa hofu, mtu mzima anachoma alichokikusanya miaka thelathini. Mimi sikuwa na hofu yoyote. Nilikuwa na beseni.

Mwaka uliofuata stempu zikawa ni Mwenyekiti Mao mbele na nyuma: Mao akipunga mkono, Mao na umati, mashairi ya Mao kwa mwandiko wake. Na katika kipindi hicho ndipo ilipotoka stempu ambayo kila mkusanyaji wa China huiota. Septemba 1968 kamati za mapinduzi zilikwisha kuundwa katika mikoa yote isipokuwa Taiwan, na posta ikaamua kusherehekea kwa stempu ya fen 8 yenye kichwa cha habari kisemacho kwamba nchi nzima ni nyekundu. Mfanyakazi, mkulima na askari wameshika kile kitabu chekundu, na nyuma yao ramani ya China imepakwa wekundu wote. Taiwan imeachwa nyeupe. Ilipangwa kutolewa Novemba 25, 1968. Mtu anayejua ramani akaiona akapiga kelele kwamba ramani ina makosa. Fikiria kosa hilo katika mwaka huo: stempu ya kusema nchi yote ni yetu, yenyewe inaonyesha kwamba si yote. Ikaondolewa sokoni kabla hata siku haijafika nusu. Lakini ofisi chache zilikwisha kuuza, na stempu ikishauzwa haikamatiki. Kulikuwa pia na toleo kubwa zaidi lililochapwa kabla yake na lisilotolewa kabisa, na moja ya hilo iliuzwa mnada wa Beijing mwaka 2018 kwa yuan milioni 13.8, kama dola milioni 2 za Marekani.

Aliyeichora alikuwa mwajiriwa wa posta, na sidhani alilala vizuri mwezi ule.

Katika kipindi hicho sisi Waafrika nasi tulikuwa tukionekana kwenye stempu zao. Mwaka 1964 China ilitoa stempu mbili za Siku ya Uhuru wa Afrika. Novemba 1971 wakatoa nne za mashindano ya kirafiki ya mpira wa meza ya Afrika na Asia yaliyofanyika Beijing. Tazama tarehe: Oktoba 25, 1971 ndiyo siku Umoja wa Mataifa uliporudisha kiti cha China kwa Beijing, kura nyingi zikiwa za Afrika na Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Stempu za mpira wa meza zilifuata siku chache tu baadaye. Wale vijana wenye bati za mpira walikuwa wanashukuru kwa niaba ya taifa. Upande wetu, mwaka 1976 posta ya pamoja ya Afrika Mashariki ilitoa stempu za reli, na ya senti 50 ilikuwa na reli ya TAZARA, mchoro mmoja kwa majina ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka mmoja baadaye Jumuiya yenyewe ikavunjika. Reli imebaki, stempu imebaki, na posta iliyoitoa haipo.

Mao akafariki 1976, mambo yakalegea, na hapo inaingia hadithi ninayoipenda kuliko zote. Kulikuwa na mchoraji aliyeitwa Huang Yongyu. Mwaka 1974 aliandamwa hadharani kwa sababu ya picha ya bundi aliyefumba jicho moja. Kwetu bundi mzima ni balaa, kwao kosa lilikuwa jicho: walisema bundi huyo anaubeza ujamaa, anaangalia upande mmoja tu. Miaka sita baadaye posta ikamwomba huyohuyo achore stempu ya mwaka wa nyani, ya kwanza katika mfululizo wa wanyama kumi na wawili wa kalenda yao. Akachora nyani mweusi amekaa juu ya nyekundu tupu, macho yake yakikutazama. Ikatoka Februari 15, 1980, kesho yake ikiwa mwaka mpya wa Kichina, kwa bei ya fen 8, yaani pungufu ya moja ya kumi ya yuan. Watu waliokwisha kuchoma albamu zao walikuwa bado wanaogopa kuanza upya, kwa hiyo wengi waliinunua, wakaibandika kwenye barua, wakaituma ikaenda zake. Baadaye stempu hiyo moja imewahi kufikia zaidi ya yuan 10,000, na karatasi nzima yenye nyani 80 imeuzwa zaidi ya yuan milioni moja.

Najua unataka kuuliza. Hapana, haimo kwenye daftari langu. Nimelitafuta lile li-nyani kwa taa ya simu hadi saa nane usiku.

Huyo mzee aliishi kuona mengi. Mwaka 2023 wakampa achore sungura, akachora sungura wa buluu mwenye macho mekundu, ameshika kalamu na barua. Nchi nzima ikagombana: wengine wakasema ni jini, wengine wakapanga foleni kuinunua. Akafariki Juni mwaka huohuo akiwa na miaka 98.

Bei ya nyani ndiyo iliyowatia watu wazimu. Chama cha taifa cha wakusanyaji kiliundwa mwaka 1982, na kufika miaka ya 1990 stempu zilikuwa zinanunuliwa kama hisa, kwa karatasi nzima, na watu wasiojua hata kilichochorwa. Mwaka 1997 bei zikapanda kama moshi, kisha zikaanguka. Posta nayo ilikuwa ikichapa kwa makumi ya milioni, kwa hiyo stempu nyingi za miaka hiyo leo zinapatikana kwa chini ya bei iliyoandikwa juu yake. Hata kadi za mwaka mpya ziligeuzwa bahati nasibu: kuanzia zile za mwaka 1992 zimechapwa namba, ukipokea salamu unasubiri droo uone kama umeshinda kitu. Kwa anayetaka kuanza kukusanya, ushauri wangu wa wiki moja ni huu: usinunue nyani mtandaoni kwa mtu usiyemjua, wa bandia ni wengi. Manyoya ya nyani wa kweli yamechongwa, wino umeinuka, na ukiupitishia kidole taratibu unahisi.

Sasa turudi kwenye daftari. Kwa kutumia zile namba ndogo nimezipanga stempu zangu arobaini na moja kwa miaka. Nyingi ni za kawaida tu, zile za picha za nyumba za mikoani zilizoanza 1986. Ya zamani zaidi ni ya 1979, ya mwisho kabisa ni ya 1988. Kwa hiyo fundi wa babu alikuwa akiandika kwa angalau miaka tisa, na hilo sikulijua. Nina moja ya J.113, seti ya mwaka 1985 ya kutimia miaka 580 tangu safari za Zheng He, yule amiri wa karne ya 15 ambaye merikebu zake zilifika hadi pwani yetu, Mogadishu na Malindi, miaka ambayo twiga wa Malindi alipelekwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Sijui kama fundi aliichagua kwa makusudi. Posta ya kwao kulikuwa na stempu nyingine nyingi mwaka ule. Napenda kuamini aliichagua, lakini kama mwandishi wa habari siwezi kuliandika hilo kuwa ni habari, na waliokuwa wanajua niliwaosha.

Muhuri wa posta ya China wa miaka ile huwa na jina la mji juu na tarehe katikati. Kwenye stempu tatu imebaki kona ya muhuri, na kwenye moja kona hiyo ina herufi nzima ya Kichina, ya mwisho katika jina la mji. Nimemtumia picha rafiki yangu aliyesoma kule. Akanijibu mara moja: hiyo inasomeka jing, maana yake mji mkuu. Nikaruka. Kisha akaongeza ujumbe wa pili: ndiyo inayomalizia Beijing, na ndiyo inayomalizia Nanjing.

Kadi ya daraja la Nanjing haisaidii, nimeshauliza. Picha ya daraja lile ilikuwa fahari ya taifa, ikiuzwa kila kona ya China, na fundi wa madaraja wa mji wowote angemtumia mwenzake.

Babu alifariki 2012, bibi akamfuata. Jana nikampigia simu shangazi aliyebaki Mlimba, nikamuuliza kama analikumbuka jina la yule Mchina. Akasema hawakuwahi kumwita kwa jina, walimwita Fundi, naye alimwita babu Fundi pia, wakaelewana hivyohivyo. Lakini siku anaondoka alimwachia babu kikombe chake cha bati, cheupe, chenye maandishi mekundu ya Kichina ubavuni na mengine kitakoni. Kikombe kipo, shangazi anawekea chumvi. Nikamwomba akipige picha anitumie, kwani huenda kimeandikwa jina la kiwanda au la mji.

"Simu yangu ni ya tochi," akasema. "Njoo mwenyewe usalimie, chumvi nitaihamisha."